Ugonjwa wako au wa nyumba? Dalili na vyanzo vyake katika nyumba za Unguja na Pemba

Mtu anakohoa Masika nzima. Anapewa dawa, anapata nafuu, anarudi kulala chumba kile kile kando ya ukuta ule ule uliotota, na haujapita muda kikohozi kimerudi. Dawa haina kosa. Aliyetibiwa ni mtu peke yake, nyumba haikuangaliwa na yeyote.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta inayokuhusu, fanya jaribio, kisha ndipo utoe pesa. Nimeanza na unyevu na nimekaa hapo muda mrefu, maana ndiko watu wa huku wanakopoteza fedha nyingi zaidi kwa kutibu pasipouma.

Kabla ya yote: lini, wapi, nani?

Dalili zinakuja lini: usiku, asubuhi, wakati wa kupika, siku za mvua? Zinakuja ukiwa wapi: chumba gani, upande gani wa kitanda? Nani mwingine anazo? Ukienda kulala kwa ndugu Makunduchi au Konde siku chache ukapona, kisha usiku wa kwanza wa kurudi pua ikaziba tena, shaka yako ielekee nyumbani. Wakiumwa wote wanaolala chumba kimoja na wa chumba cha pili wazima, kichunguze chumba.

Lakini kikohozi kilichofika wiki mbili, makohozi yenye damu, homa zisizoisha au kukonda, hayo si ya kuchunguza ukuta. Nenda kituo cha afya kwanza. Kifua kikuu huambukiza kwa hewa, na hupenda sana chumba kidogo chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa.

Ukuta unatota, rangi inabambuka, kabati linanuka koga

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na ulichosema ni wazi: wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wa kudumu hupata zaidi kikohozi, kubanwa na kifua, mizio na pumu. Kuvu hutoa mbegu ndogo mno zinazopaa hewani. Mtoto mchanga, mzee na mwenye pumu ndio wa mwanzo kuumia.

Shida ni kwamba ukuta uliotota una vyanzo vinne tofauti, na kwa macho ya haraka vyote vinafanana.

Cha kwanza ni maji ya juu. Doa lina ukingo wa rangi ya chai, hutanuka baada ya mvua na hukauka Kaskazi ikianza kuvuma. Tafuta bati lililotoboka penye misumari, mfereji wa paa ulioziba majani, au paa bapa lenye nyufa. Kwenye majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kwenye ghorofa nyinginezo, doa linalokua hata kiangazi huwa ni bomba au choo cha jirani wa juu. Panda ukabishe hodi kabla ya kununua rangi.

Cha pili ni maji ya chini. Unyevu huanzia sakafuni na kukoma magotini au kiunoni, kama mtu kapiga mstari. Msingi hauna tabaka la kuzuia maji, au ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Hili la pili linatokea sana mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja: barabara inajazwa kifusi mara hii na mara ile, inapanda, na nyumba ya zamani inabaki shimoni. Dawa yake ni chepe. Shusha udongo ulioegemea ukuta, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali, hamisha pahala pa kufulia nguo. Usipake rangi mpaka ukuta ukauke, na kukauka kwenyewe huchukua miezi.

Cha tatu ni chumvi, na hiki ndicho kinachowachanganya hata mafundi. Ukuta unatoa unga mweupe, plasta inamomonyoka, na ajabu ni kwamba unalowa hata siku isiyonyesha, ilimradi hewa ni nzito. Chokoza huo unga kwa kidole uonje: ni chumvi. Matofali au plasta ilichanganywa na mchanga wa pwani usiosafishwa, au miaka ya maji ya chini imepandisha chumvi ya ardhini. Chumvi hiyo hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya visiwa hivi haina upungufu wa maji. Usiuoshe ukuta huo, maana maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Upige brashi ukiwa mkavu, uzoe unga, uutupe nje. Kisha bandua plasta iliyooza, upige plasta ya chokaa, nayo ukubali kwamba itakufa polepole kwa niaba ya ukuta na baada ya miaka utaibadilisha.

Cha nne ni mvuke wa ndani. Zamani haukuwa tatizo kubwa huku, lakini viyoyozi vimeuleta. Chumba kinapozwa mpaka ukuta unakuwa baridi, mlango unafunguliwa, hewa ya ukumbini yenye majimaji inaingia na kugeuka matone nyuma ya kabati. Nguo zinazokaushwa ndani wakati wa Masika na sufuria zinazochemka bila mfuniko huongeza. Koga inayoota nyuma ya kabati na kwenye pembe za chumba tu, bila doa la maji, chanzo chake mara nyingi ni hiki.

Ukishindwa kuamua, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Gharama yake ni ndogo, na inaweza kukuokoa usinunue ndoo nzima ya rangi ya kuzuia maji isiyokusaidia kitu.

Sasa nyumba za mawe. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo haukukusudiwa kuzuia maji. Unaingiza unyevu kidogo na kuutoa, kwa sababu chokaa inapitisha mvuke. Anapokuja fundi akapiga saruji juu yake, na rangi ya mafuta juu ya saruji, kwa miezi michache ukuta unapendeza. Ndani yake maji yamefungiwa. Yanatafuta pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inasukuma plasta kutoka nyuma, na vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani vinaoza pasipo mtu kuviona. Mwenye nyumba anaona plasta inabambuka, anaita fundi apige saruji nzito zaidi! Kwangu mimi hakuna kosa la ujenzi linalowaletea watu wa Mji Mkongwe maradhi ya kifua kuliko hili, na baya zaidi hufanywa kwa nia njema na kwa pesa nyingi.

Kwa hivyo, kwenye nyumba ya mawe, plasta iwe ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa vizuri, na rangi iwe ya chokaa. Boriti zigongwe kwa nyundo ndogo karibu na ukuta: zinazolia kwa sauti kavu ni nzima, zinazobwata ni mbovu. Ukarabati wa eneo la hifadhi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, nako waulize pia kuhusu mafundi wanaoijua chokaa, maana wamebaki wachache.

Koga iliyokwisha kuota kwenye ukuta mgumu isafishwe kwa maji na sabuni, ukiwa umefunga pua na mdomo na madirisha wazi. Kuifagia kavu ni kuirusha hewani. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo wala na siki, maana hutoa hewa ya sumu. Godoro la sponji lililoingia koga halisafishiki. Zulia lililolowa lisipokauka ndani ya siku moja au mbili limeshaanza kuota. Na kabati liachwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani, hasa lile lenye kanzu na mabuibui ya Idi yanayokaa humo mwaka mzima.

Maji ya mvua yaliingia ndani

Hii ni habari ya mabondeni, kama Mwanakwerekwe na Sebleni. Maji hayo yameshapitia makaro, kwa hivyo yahesabu kuwa ni maji ya choo hata kama yanaonekana safi. Watoto wasicheze humo. Vyombo vya jikoni vioshwe kwa sabuni na maji ya klorini, godoro litupwe, maji ya kunywa yachemshwe. Kama una kisima karibu na karo, usikiamini mpaka kitiwe dawa na maji yake yapimwe.

Kikohozi na macho mekundu wakati wa kupika

Angalia nani anakohoa. Akiwa ni mpishi pamoja na mtoto anayebebwa mgongoni au anayekaa karibu na mafiga, huhitaji jaribio lingine. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na sehemu kubwa ya watoto wanaokufa humo huondoka kwa nimonia.

Kuni mbichi, makumbi na vifuu ndivyo vinavyotoa moshi mwingi. Kuni zikaushwe mwezi mzima kabla ya Masika na ziwekwe pasipo mvua. Jiko la uani liwe na uwazi juu pande mbili, kwani tundu moja halitoi moshi, linauzungusha tu. Gesi ya mtungi inapunguza moshi kuliko chochote ila umeme, lakini ijue tabia yake: ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa.

Kuna moshi mwingine tusioupenda kuutaja kwa kuwa tunaupenda wenyewe. Udi na ubani kwenye chetezo ni moshi kama moshi mwingine. Sisemi muuache. Fukizeni nguo, fukizeni ukumbi kabla wageni hawajafika, halafu fungueni madirisha. Chumba cha mzazi aliye kwenye arubaini, chenye kichanga cha siku saba na mapazia yaliyoshushwa, ndicho chumba ambacho chetezo hakina kazi.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, nayo imo humu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima baadhi ya dawa hizo na kukuta duara moja linatoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Ukilala mlango umefungwa na duara linaungua chini ya kitanda, asubuhi usishangae koo. Chandarua hakina moshi.

Kila anayelala chumba hiki huamka na kichwa

Nyumba ya namna hii haikawii kupewa jina. Watu husema ina mashetani, na mwalimu huitwa asome. Asome, hakuna ubaya, lakini kwanza uliza: usiku ule seredani ilikuwa wapi?

Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Makaa yaliyokolea hayana moshi, na hapo ndipo yanapodanganya. Mvua inanyesha, mpishi anaingiza seredani ndani, chakula kinaiva, makaa yanaachwa yazime yenyewe huku watu wamelala. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, kwa hivyo mwili unakosa pumzi huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito. Zinawapata wote kwa pamoja, hata paka, na zinapungua mtu akitoka nje. Homa hakuna. Mjamzito yumo hatarini zaidi, kwa sababu mtoto tumboni huumia kabla ya mama.

Ukishuku, usichunguze. Toa watu nje, fungua kila kitu, mpeleke hospitali aliyelegea au aliyezimia, na mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na makaa ndani, maana asipoambiwa ataanza kupima malaria. Jenereta ni vivyo hivyo. Umeme ulipokatika Unguja kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, tuliishi na jenereta kila kona. Iliyowekwa ukumbini au chini ya dirisha la jirani ni hatari ile ile, na zaidi.

Kama hakuna makaa wala jenereta, basi huenda chumba kimefungwa mno kwa idadi ya watu. Acha dirisha wazi usiku mmoja uone tofauti.

Harufu ya choo chooni hakuna mtu

Bafu la wageni lisilotumika hukauka maji kwenye kona ya bomba lililo chini ya sinki au sakafu, na hewa ya karo hupanda. Mwaga ndoo ya maji, rudia kila wiki. Harufu ikibaki, bomba la kutolea hewa la karo limeziba au halipo.

Fukuto la usiku, usingizi hauji

Bati tupu likipigwa na jua mchana kutwa huushusha moto wake juu ya vichwa vya watu, na ukuta wa matofali uliomeza joto hulitoa usiku. Asiyelala vizuri huamka na hasira, mtoto hasomi skuli, na mwenye presha au moyo hupata tabu hasa miezi ya Kaskazi kabla ya mvua.

Jaribio: saa nne za usiku, weka kiganja ukutani kisha kinyanyue kuelekea dari. Ukuta ukiwa wa moto, tatizo ni jua linaloupiga jioni. Panda mti au weka kipenu upande wa magharibi. Moto ukishuka kutoka juu, tatizo ni paa. Makuti hayana shida hii, yana nyingine: hupitisha maji yakizeeka, huhifadhi wadudu, hushika moto. Kwa bati, weka dari, na juu ya dari acha matundu pande mbili hewa ipite. Dari isiyo na matundu hugeuka tanuri. Paa likipakwa nyeupe hupungua joto kwa kiasi utakachokihisi.

Wazee wetu walijenga dari ndefu, madirisha yanayotazamana na ua wa kati ili upepo wa Kusi na Kaskazi upate njia. Siku hizi tunajenga vyumba vilivyopeana mgongo, dirisha moja kila kimoja, kisha tunanunua pangaboi lizungushe joto lile lile. Kama ukuta wa ndani si wa kubeba paa, toboa tundu juu ya mlango. Fundi wa siku moja anatosha.

Mwasho na vipele

Vipele vilivyojipanga mstari kwenye mikono na shingo, na vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro: kunguni. Mwasho mkali usiku katikati ya vidole na viwikoni, na familia nzima inajikuna: upele, unaotibiwa nyumba nzima siku moja, la sivyo unazunguka. Chafya na macho kuwasha unapotandika kitanda: vumbi la godoro, hasa la sufi la zamani. Lianike juani, fua mashuka kwa maji moto.

Mbu wengi: lakini wa aina gani?

Wanaouma mchana, wana madoa meupe miguuni: hao hueneza homa ya dengi na huzaa kwenye maji safi. Funika tangi, pipa na mitungi, mwaga maji ya sahani za maua na matairi, sugua kuta za pipa kila wiki kwani mayai hushika hapo.

Wanaopiga kelele usiku kucha: wengi wao hutoka kwenye makaro na vyoo vya shimo, na ndio wanaoeneza matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi ilijaribiwa njia iliyokuja kutajwa duniani: chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa juu ya maji ya mashimo ya vyoo, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, huku watu wakipewa dawa. Mbu walipungua sana. Nyumbani, ziba nyufa za mfuniko wa karo na funga wavu kwenye bomba la hewa.

Malaria imeshuka sana visiwani tangu upulizaji wa dawa ukutani ulipoanza 2006, sambamba na vyandarua. Kwa hivyo nyumba ikishapulizwa, usipake rangi mpya wala kuosha ukuta. Utakuwa umeifunika dawa.

Nimepanga, nyumba si yangu

Piga picha ya doa, andika tarehe, piga tena baada ya mvua kubwa. Ukienda kwa mwenye nyumba, usimlalamikie rangi, maana atakuletea rangi. Muombe kwa mpangilio huu: paa na mfereji wake, kisha ardhi ya nje, kisha plasta, rangi mwisho. Na zungumza naye lugha ya mali yake: "Mzee, boriti ya chumba cha watoto inaoza kwa haya maji." Mwenye nyumba husikia boriti upesi kuliko pumu. Akikawia, nenda naye kwa sheha mkazungumze mbele ya mtu wa tatu.

Wakati unasubiri, vuta kitanda kutoka ukuta wa nje, kipandishe juu ya matofali, toa zulia, anika godoro kila jua likitoka, na mwenye pumu alale chumba kikavu kuliko vyote, hata kama chumba hicho ni cha baba.